Ukimya wa Sekunde Tatu

Ilikuwepo nchi, tena nchi nzuri, isiyo na tatizo hata moja. Jina lake hatulitaji kwa sababu yenyewe haipendi kutajwa. Itoshe kusema haikuwa nchi yenu, na mkiona inafanana na yenu, waulizeni macho yenu.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na dirisha la malalamiko katika kila wilaya. Kisha Serikali ikafanya utafiti wa kina, ikagundua kwamba watu hulalamika pale tu penye dirisha, na kwamba pasipo na dirisha hakuna hata foleni. Madirisha yakazibwa kwa matofali. Malalamiko yakaisha siku hiyohiyo, na mtafiti akavishwa nishani.

Sanduku moja tu lilisahaulika. Lilikuwa kwenye lango la Televisheni ya Umma, la rangi ya manjano, limeandikwa: TUCHEKE PAMOJA. LETA VIDEO YAKO YA KUCHEKESHA. Wananchi, ambao kwa asili hawaachi tundu likae bure, wakaanza kulijaza. Walileta memori kadi zilizofungwa kwenye karatasi za daftari, kwenye mifuko ya chumvi, kwenye pindo za khanga. Ndani mlikuwa na daraja lililokatika katikati, zahanati yenye kitanda kimoja na wagonjwa watatu, bomba la maji lililokuwa likitoa upepo tangu lizinduliwe. Hazikuchekesha. Lakini zilipokewa na kugongwa muhuri, na katika nchi hiyo mtu akishagongewa muhuri hujiona amesikilizwa nusu.

Aliyegonga muhuri huo aliitwa Sikudhani Mbaruku.

*

Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na minne, stashahada ya habari aliyoipata chuoni kwa alama nzuri, na haya nyingi kuliko stashahada. Alikuwa akimpisha hata paka mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuangalia kila video na kuijazia Fomu TP 7, yenye swali moja tu: Je, tukio hili linachekesha (a) sana, (b) sana sana, au (c) kupita kiasi?

Chaguo la nne halikuwepo. Sikudhani aliwahi kuliulizia, kwa sauti ya kuomba radhi.

"Binti yangu," alijibiwa na mkurugenzi wake, Bwana Lugendo, mtu mnene mwenye tai fupi, "mtu ametoka kwao na nauli yake, ameleta video kwenye kipindi cha kuchekesha, halafu wewe umwambie haichekeshi? Tuwe na utu."

Zilizopata (c) zilikwenda hewani Jumamosi saa nne asubuhi. Zilizopata (a) na (b) zilikwenda stoo. Sikudhani, kwa huruma yake, alizitia video za huzuni zote kwenye (a), ili zisichekwe. Alizipanga stoo kwa mikono yake, akazipangusa vumbi kila Ijumaa. Hakuwa na jingine la kuwafanyia wenyewe.

Maana hewani hapakuwa na huruma. Hewani palikuwa na Mtambo.

Mtambo ulinunuliwa mwaka ambao Kiongozi Mkuu aliangalia kipindi akamwona mzee mmoja kwenye video amenyamaza. Kiongozi akahisi kwamba yule mzee anafikiri. Hakulala vizuri. Asubuhi likatoka agizo: ukimya wowote utakaozidi sekunde tatu ujazwe kicheko. Mtambo ukaagizwa ng'ambo, ukafungwa studio, ukawa unasikiliza. Palipokuwa na maneno, wenyewe ulitulia. Paliponyamaza, ulihesabu moja, mbili, tatu, ukacheka. Kicheko chenyewe kilirekodiwa kwa wananchi wa Wilaya ya Mbondole siku walipotangaziwa kwamba reli inakuja. Wataalamu walisema hakijawahi kupatikana kicheko cha kweli kama kile.

Kwa bahati mbaya studio ndiyo ilikuwa chumba pekee chenye kiyoyozi, na Bwana Lugendo alipenda kuita mahudhurio ya watumishi humo.

"Sikudhani Mbaruku!"

"Nipo," alisema Sikudhani kila mara, kwa sauti ya mtu anayemwambia siri mto wake.

Moja, mbili, tatu. Mtambo haukumsikia. Watu wote wa Mbondole waliangua kicheko, na watumishi nao walifuata, na Bwana Lugendo, huku akimtazama usoni, aliandika: hayupo.

"Dada, si upaze sauti kidogo?" alisema Shomvi, fundi wa Mtambo, kijana mwembamba aliyependa utani. "Mwaka mzima huu kwenye daftari wewe ni marehemu. Nikuletee sanda?"

"Nimezoea," alisema Sikudhani.

*

Bahasha ya kwanza ya Mwalimu Kasongwa ilifika mwezi wa tatu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Mlimatatu, mzee aliyevaa koti moja la kahawia katika video zote. Alikuwa na desturi yake: hakuanza jambo lolote kabla ya kuita mahudhurio. Hata mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye tofali, alifungua kwanza daftari lake, akaita majina thelathini na moja, na watoto wakaitika "Nipo!" mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamebanana upande mmoja wa darasa kama kuku wanaoogopa mvua. Palikuwa na mapacha, Kulwa na Doto Masanja. Kulwa alisubiri jina lake. Doto hakusubiri. Kulwa akishaitwa tu, Doto naye aliruka: "Nipo!"

"Bado sijakuita, Doto."

"Lakini nipo, Mwalimu!"

Baada ya hapo mwalimu alisogea kwenye ukuta wa pili, ule ambao watoto walikaa mbali nao, akaonyesha ufa uliotoka chini mpaka kwenye paa, akautia kidole. "Naitwa Kasongwa," alisema. "Nimeandika barua miaka mitatu. Naomba saruji."

Mwezi wa nne aliingiza kiganja. Mwezi wa sita aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na majani ya nje. Mwezi wa nane, akiwa anaeleza kwamba mvua za vuli zinaanza mwezi wa kumi na moja, kuku mmoja mweupe aliingia darasani kupitia ufani, akawatazama watoto, akatoka palepale.

Sikudhani alikuwa ameshayajua majina yote thelathini na moja kwa moyo. Aliiangalia video ile mara tatu. Kisha akaitazama Fomu TP 7.

Akiiweka (a), itakwenda stoo na nyingine tatu, itapanguswa vumbi kila Ijumaa mpaka ukuta uanguke. Akiiweka (c), nchi nzima itaona. Waziri ataona. Haiwezekani mtu aone na asilete saruji, aliwaza, maana alikuwa msichana mwema, na wema una ujinga wake.

Akatia alama kwenye (c).

Bwana Lugendo alimwita ofisini. "Wewe, hii imekuwaje? Mzee anatia mkono ukutani. Kichekesho kiko wapi hapa?"

Sikudhani alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alijibu upesi. "Kuku, Mkurugenzi."

"Kuku?"

"Dakika ya nne. Anaingia, anawatazama, anatoka. Kama mkaguzi wa shule."

Bwana Lugendo akarudisha nyuma. Akaangalia. Tai yake ikaingia kwenye chai. "Kama mkaguzi!" alilia, akipiga meza. "Hasemi neno! Haandiki ripoti! Jamani, binti huyu ana kipaji alichotuficha!"

Sikudhani alitabasamu kidogo. Jambo hilo alilikumbuka baadaye, kwamba alitabasamu.

*

Nchi nzima ilicheka. Hata Kiongozi Mkuu alicheka, akalala vizuri siku mbili. Wiki ya pili ikatangazwa kwamba video ya Mlimatatu imekuwa Video ya Mwaka, kwamba kuku yule ni Kuku wa Taifa, na kwamba video yoyote yenye kuku huyo itahesabiwa (c) kwa mujibu wa sheria. Wiki ya tatu msafara wa magari kumi na sita ukaenda Mlimatatu, ukiongozwa na Mheshimiwa Daktari Profesa Kapalata, Waziri wa Furaha na Utulivu. Sikudhani alipewa nafasi kwenye gari la kumi na sita, ashike bahasha ya cheti.

Alipoona mifuko ya saruji imepangwa uwanjani, moyo ulimruka. Arobaini! Alihesabu mara mbili.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, akiwa amesimama kwenye kivuli cha miavuli mitatu. "Wako watu wenye macho ya husuda wanaosema ukuta huu umepasuka. Haukupasuka! Ukuta huu umefunguka, kama nchi yetu ilivyofunguka. Nani kati yenu amewahi kuona ukuta wa kikoloni ukimpisha kuku? Hayupo! Kuanzia leo ufa huu ni Urithi wa Taifa. Ni marufuku kuuziba, kuupaka chokaa, au kuutazama kwa masikitiko."

Wakapiga makofi.

"Na watoto wetu hawa, mbona wamekaa kule mbali kama wakimbizi? Wageni watakuja kuuona ufa ukiwa kazini. Warudi kwenye madawati yao! Na kwa kuwa Serikali haimsahau mshindi, nawakabidhi televisheni, inchi sabini na tano!"

Mafundi wakainua televisheni, kubwa kama mlango wa ghala. Palitakiwa mahali pa kuitundika, na kwa kuwa itifaki ilitaka zawadi ikae karibu na kilichoileta, wakaitundika ukutani juu ya ufa. Walitoboa matundu manane. Kila tundu lilipotobolewa, vumbi jembamba lilishuka kwenye madawati.

Sikudhani alimkuta Mwalimu Kasongwa pembeni, daftari kwapani, akiitazama saruji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kule kwenye sanduku?"

"Ndiye mimi."

"Mungu akubariki. Miaka mitatu nimeandika kwa mkuu wa wilaya, kwa afisa elimu, kwa huyu mbunge mwenye kofia. Ni wewe tu uliyepokea kitu ukakifikisha mbele." Akamshika mikono yote miwili. "Sasa niambie, mafundi wa ukuta wako gari gani?"

Sikudhani akageuka. Mafundi walikuwa wameshaanza kazi uwanjani. Walikuwa wakijenga banda: msingi wa mawe, nondo za milimita kumi na sita, nguzo nne za zege. Lilikuwa na mlango mdogo wa duara, na juu yake limeandikwa MAKAZI RASMI.

"Ile ni ya kuku," alisema mwalimu taratibu, kama anayesoma neno gumu ubaoni.

"Nitaandika, Mwalimu. Nikirudi tu nitaandika."

"Andika, mwanangu," alisema mzee. Akafungua daftari lake, akalifunga tena. "Na mimi nitaendelea kukutumia."

*

Sikudhani aliandika barua tisa. Zilijibiwa zote, maana nchi hiyo ilikuwa na adabu. Jibu la mwisho lilisema suala lake limepokelewa na litachekwa kwa wakati wake.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja, kama alivyosema mwalimu. Bahasha ikafika siku sita baadaye. Ilikuwa na tope.

Aliiangalia peke yake. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye tofali, kama siku zote. Darasa halikuwa na ukuta wa pili. Palikuwa na lundo la matofali, mabati yaliyokunjamana, na pembe ya televisheni imechomoza. Nyuma ya lundo, banda la kuku lilisimama bila hata ufa mmoja, na kuku alikuwa mlangoni, mkavu. Watoto walisimama mstari mmoja kwenye manyunyu. Mwalimu Kasongwa alikuwa na koti lake la kahawia, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Hakuomba saruji. Alifungua daftari, akaita mahudhurio.

Majina ishirini na matano yaliitikiwa. Majina sita hayakuitikiwa. Mwalimu hakuyaruka. Aliliita kila jina, akasubiri muda mrefu, akatia alama, akaita linalofuata.

Kulwa Masanja aliitika. Halafu kimya.

"Doto Masanja," aliita mwalimu.

Sikudhani alizima mashine, akaenda kwa Bwana Lugendo na uso uliolowa.

"Ukuta umeanguka, Mkurugenzi. Watoto sita."

Bwana Lugendo alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Tunalisema hili kwa dhati, katika nchi hiyo watu wabaya walikuwa wachache mno. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kuku yupo?"

"Ndiyo, lakini Mkurugenzi..."

"Anaonekana?"

"Anaonekana."

"Basi ni (c), binti yangu. Ni sheria. Mimi na wewe tufanye nini?"

*

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano Sikudhani alimshika Shomvi mkono wa shati mbele ya Mtambo.

"Kaka Shomvi, uzime. Leo tu."

Shomvi naye alikuwa ameiona ile kadi. Hakutania. "Hauna swichi, dada. Tuliununua hivyo. Swichi ilikuwa inauzwa peke yake."

"Ng'oa waya."

"Waya uko ofisi ya Waziri."

"Sasa watachekwa, Shomvi. Mwalimu ataita, kutakuwa kimya, halafu watachekwa. Mama zao wataangalia."

Shomvi alijikuna shingo. "Kitu kimoja tu kinaunyamazisha. Ukisikia mtu anasema. Yeyote anayesema." Akatazama kinasa sauti kilichokuwa mezani, akatazama kando. "Mimi naenda kunywa chai. Sijakuona."

Taa nyekundu ikawaka. Muziki wa kipindi ukapiga. Mwalimu Kasongwa akafungua daftari lake mbele ya taifa. Sikudhani alisimama mbele ya kinasa sauti. Majina yakapita, watoto wakaitika. Likafika la kwanza kati ya yale sita.

"Mwajabu Selemani."

Moja. Mbili.

"Nipo!" alisema Sikudhani.

Hakujua kwamba sauti ile ilikuwa kifuani mwake. Ilijaa chumba. Mtambo ulikuwa umeshavuta pumzi. Ukaiachia bila kucheka. Akaitika kwa Nsajigwa, akaitika kwa Hadija mdogo na kwa Hadija mkubwa, akaitika kwa Chiku.

"Kulwa Masanja."

"Nipo," akasema Kulwa mwenyewe, kwa mbali.

Na hapo Sikudhani hakusubiri jina liitwe. Aliruka. "Nipo!"

Ndani ya video, mwalimu alikuwa bado hajaita. Akaita: "Doto Masanja." Akasubiri.

"Nipo, Mwalimu," alisema Sikudhani, huku akilia. "Lakini nipo."

Kipindi kizima kilikwisha bila kicheko hata kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mtambo ununuliwe. Sikudhani alikaa sakafuni, akawaza kwamba angalau hilo moja amewafanyia.

*

Jumatatu Waziri aliitisha waandishi wa habari.

"Kuna uvumi," alisema, "kwamba huko Mlimatatu wamepotea watoto. Ndugu zangu, hatubishani na uvumi, tunabishana kwa ushahidi. Juzi taifa zima limesikia kwa masikio yake. Wameitwa wanafunzi thelathini na mmoja, wameitika thelathini na mmoja. Tena mmoja ameitika mara mbili, kwa furaha! Anayesema kuna waliokosekana aje hapa mbele atuambie: kama hawapo, nani alikuwa akiitika?"

Hakuna aliyekuja mbele. Sikudhani, aliyejua, alikwenda ofisini kwa Waziri, akaandika maelezo yake kurasa nne, akaeleza yote, akatia saini. Maelezo yakasomwa na kamati. Wiki hiyohiyo akapandishwa cheo.

Alifanywa Mwitikiaji Mkuu. Alipewa chumba chenye zulia, kiti cha kuzunguka, na kinasa sauti cha kwake mwenyewe. Kila asubuhi yaliletwa madaftari kutoka kila pembe ya nchi: ya machimbo yaliyofukiwa, ya wodi za wazazi, ya feri iliyochelewa kufika kwa miezi mitatu, ya waliokwenda kuhojiwa. Karani aliita, Sikudhani akaitika. Alijaribu kukataa siku ya kwanza. Karani akaita jina, akasubiri, na kutoka kwenye spika ya ukutani Mbondole nzima ikamcheka mfu. Jina la pili Sikudhani akaitika.

Takwimu za nchi zikawa nzuri mno. Wageni walikuja kujifunza.

Mwezi mmoja baadaye bahasha ilifika kutoka Mlimatatu. Haikuwa na kadi. Ilikuwa na karatasi ya daftari, mwandiko wa ubaoni, mistari iliyonyooka.

Mwanangu, mama yao mapacha alimsikia Doto akiitika kwenye televisheni. Amefurahi, hali kitu, amefunga mizigo. Anasema kwa kuwa ameitika, basi mnaye huko kwenu. Anauliza aje kumchukua siku gani. Mimi nimekosa la kumwambia, wewe mwenye sauti niambie. Kasongwa.

Sikudhani aliisoma barua akiwa amesimama. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kiatu, maana nguo yake haikuwa na mfuko. Akaenda studio, kwa kuwa ulikuwa wakati wa mahudhurio ya watumishi, na hata Mwitikiaji Mkuu alikuwa mtumishi.

Bwana Lugendo alikuwa ameshaanza. Siku hizi alilitaja jina lake kwa heshima, na wote waligeuka kumtazama, kwa sababu siku hizi aliitika vizuri, sauti ikafika mpaka langoni.

"Sikudhani Mbaruku!"

Alikuwa mstari wa mbele, hatua mbili tu kutoka kwenye kinasa sauti. Shomvi alimwona akifungua mdomo, akamwona akiufunga.

Moja.

"Dada," alinong'ona Shomvi. "Dada, itika."

Moja, ukahesabu tena Mtambo. Mbili. Tatu.

Wakacheka watu wa Mbondole, wale walioambiwa reli inakuja, wakacheka kwa muda mrefu. Mara hii hakuna mtumishi aliyefuata. Kicheko kilipokwisha, Bwana Lugendo alishusha miwani, akamtazama Sikudhani usoni, akashika kalamu, akaandika: hayupo.

Na kwa mara ya kwanza katika daftari lile, alikuwa ameandika kweli: mwili ulikuwa mstari wa mbele, mwenye sauti hakuwepo tena.